LSAT ilinitaka niwe mbishi wa barazani

Mara ya kwanza kujipima LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, nilikuwa mezani jikoni, saa nane usiku, bado nimevaa sare ya kazini. Nikapata 139. Alama za mtihani huu zinaanzia 120, yaani hata ukikosa kila swali wanakupa 120, na juu kabisa ni 180. Watu wengi huangukia 150 na ushee. Mimi nina shahada ya ualimu, nilifundisha Kiingereza sekondari Tanga miaka minne, na wakati huo nilikuwa na miaka saba Houston. Nilifunga kompyuta nikaenda kulala. Sikumwambia mtu.

Tangu nianze masomo ya sheria Agosti 2025, haipiti wiki bila ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayebeba boksi huku na moyoni ana sheria. Swali ni lile lile: "Dada, Kiingereza chao kigumu kiasi gani?" Kiingereza kilinikwaza kidogo. Kilichoniangusha hasa ni malezi. Nitafika huko.

Kwanza kwa walioko nyumbani. Kwetu unatoka kidato cha sita unaingia shahada ya sheria, kisha Law School of Tanzania kwa mafunzo ya vitendo. Marekani mpaka uwe na shahada ya kwanza kabla ya kugusa sheria, na inaweza kuwa shahada ya chochote: ualimu, kilimo, muziki. Halafu unasoma sheria miaka mitatu, au kama minne ukisoma jioni kama mimi. Mlango wake kwa wengi ni LSAT, mtihani wa LSAC, chombo cha udahili wa vyuo vya sheria chenye makao Newtown, Pennsylvania. Mtihani wenyewe hauulizi sheria hata kidogo. Unapima unavyosoma na unavyofuatilia hoja.

Januari 2024 nilinunua vitabu vitatu vya mtumba kwa dola 30. Bei peke yake ilipaswa kunishtua. Kimoja, kinene kuliko vyote, kilihusu michezo ya mantiki: wanamuziki saba wapangwe jukwaani, wa tatu asikae jirani na wa tano, wa kwanza awe mbele ya wa sita. Nikakipenda mno. Kilinikumbusha kupanga ratiba ya vipindi shuleni, ambapo mwalimu wa Fizikia hataki Ijumaa na wa Dini hataki saa ya mwisho. Nilichora vimraba kwa wiki kumi.

Mwishoni mwa Machi nilikuwa maktaba ya umma huku Alief, mtaa wa Houston, nimetandaza michoro yangu, kijana mmoja akasimama nyuma yangu. "Unafanya wa Juni?" Nikamwambia hapana, wa Agosti. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayesubiri daladala kwenye kituo kilichohamishwa. Michezo ilikuwa inaondolewa kuanzia mtihani wa Agosti 2024. LSAC walishatangaza tangu Oktoba 2023, miezi mitatu kabla sijatoa dola zangu 30. Mizizi ya jambo hilo ilikuwa makubaliano ya mwaka 2019 kati yao na watahiniwa wenye ulemavu wa macho, ambao walidai, kwa haki kabisa, kwamba sehemu inayomlazimu mtu kuchora inawabagua. Wiki kumi zangu zikaenda na maji. Siku hiyo ndiyo kwanza nikafungua tovuti ya LSAC yenyewe. Mwalimu mzima, niliyekuwa nikiwafokea watoto kwa kutosoma maelekezo juu ya karatasi.

Siku hizi mtihani una sehemu nne za dakika 35 kila moja. Mbili za hoja na moja ya ufahamu ndizo zenye alama. Ya nne haihesabiwi, wanaitumia kujaribia maswali yao, na hutajua ni ipi, kwa hiyo zote unazifanya kama za kufa na kupona. Sehemu ya hoja ina maswali kama 25, chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Ukikosa hupunguziwi kitu, basi usiache pengo hata moja. Kuna na insha unayoandika siku nyingine kwa kompyuta. Haina alama, ila vyuo vinaiona.

Sasa malezi. Tanga, mama akisema, "Mzee wa nyumba ya pili hajaonekana msikitini tangu Ijumaa, tumpelekee uji," hakuna anayeuliza chochote. Mzee anaumwa. Mama hakulisema neno hilo, ni sisi tumelimalizia, na kumalizia ndiyo adabu. Mtu akikupa nusu ya maneno unampokea na nusu nyingine. Nimelelewa hivyo, na nadhani wengi wenu pia.

LSAT inaishi kwenye hiyo nusu isiyosemwa. Itakuwekea hoja ya mama kama ilivyo, kisha iulize: msemaji amechukulia nini bila kukisema? Jibu: kwamba mzee hana sababu nyingine ya kutoonekana. Au iulize: lipi kati ya haya linadhoofisha hoja? Kwamba kuanzia wiki iliyopita anasali msikiti wa sokoni. Mimi nilikuwa nasoma hoja, naimalizia kichwani kwa wema, naiona haina kasoro, halafu nashangaa swali linataka nini. Majibu matano yote yakawa mazuri machoni pangu, kwa sababu yote niliyasaidia kidogo.

Kilichonifungua ni kumkumbuka mzee mmoja wa baraza la kahawa mtaani kwetu. Kila baraza lina mmoja. Ukisema jua limechomoza anakuuliza nani kakwambia. Utotoni tulimkimbia. Nikaanza kusoma kila hoja ya LSAT kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama jirani ananisimulia, kisha namwachia mzee yule ajibu. "Mauzo ya mkate yamepanda baada ya tangazo, kwa hiyo tangazo limefanya kazi." Nani kakwambia? Labda ngano ilishuka bei. Labda muuzaji wa pili alifunga duka. Ndani ya mwezi mmoja wa ubishi huo nikafika 146 nyumbani.

Kuna na tiketi ya pantoni, ambayo nawaeleza wote wanaonipigia. Maswali mengi yanasimama juu ya "ikiwa" na "ikiwa tu", na Kiingereza chao kina maneno matano sita ya kuficha tofauti hiyo. Usihangaike na fomula kwanza. Simama Kivukoni. Ili uvuke kwa pantoni kwenda Kigamboni lazima uwe na tiketi. Je, ukiwa na tiketi lazima utavuka? Aliyewahi kusimama pale pantoni imeharibika, jasho linamtiririka, tiketi mkononi, analo jibu. Bila tiketi huvuki, lakini tiketi peke yake haikuvushi. Nusu ya makosa yangu ya miezi ya mwanzo ilikuwa kudhani mwenye tiketi ameshafika Kigamboni.

Njia iliyonisaidia kujipima ni hii. Unafanya sehemu nzima kwa saa ya dakika 35. Kabla ya kuangalia majibu unairudia yote bila saa, kwa kalamu ya rangi nyingine. Halafu ndiyo unasahihisha mara mbili. Mwezi Mei, kwa saa nilipata 13 kati ya 25. Bila saa, 15. Tofauti ya mawili! Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba tatizo langu ni muda, na kumbe hata ningepewa siku nzima ningekosa kumi. Kila kosa nikaliandika kwenye daftari la kaunta, kwa Kiswahili, sentensi mbili: nilichagua lipi na nilijiambia nini wakati nalichagua. Hiyo sentensi ya pili inauma kuandika. Ukurasa mmoja wa Juni unasema: "Nimechagua C kwa sababu ilikuwa na maneno yale yale ya kwenye habari. Sikuisoma hadi mwisho." Chini yake mara nne nimeandika "kama juzi".

Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita juu yetu. Zaidi ya wateja milioni mbili wa Houston na vitongoji walikosa umeme, sisi tulikaa siku sita. Mgao wa nyumbani ulishanifundisha kuishi bila friji, ila haukunifundisha joto la Texas la Julai ndani ya fleti ya ghorofa ya tatu yenye madirisha yasiyofunguka vizuri. Nilisomea ndani ya gari, injini inaunguruma, mtoto amelala kiti cha nyuma, hadi nikaogopa kuishiwa mafuta maana foleni za vituo zilikuwa ndefu. Busara ingekuwa kuahirisha. Sikuahirisha, kwa sababu ya dola 238.

Hapo kuna kosa jingine, nalo linaniuma hadi leo. Kwa msimu wa 2024–2025 mtihani uligharimu dola 238. Huduma ya kukusanya vyeti na kuvipeleka vyuoni, inaitwa CAS, dola 207, na kila chuo unachoomba unaongeza dola 45. Nilipolipia mtihani niliona fedha ni fedha, nikatoa. Nikaja kusikia baadaye kwamba LSAC wana msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, na kaya yetu ya watu wanne iliingia bila shida. Lakini unaomba kabla ya kulipa. Ulicholipa hakirudi. Dola 238 ni shifti mbili za kugeuza wazee vitandani usiku kucha. Nikaomba msamaha kwa yaliyobaki, nikapata, na vyuo kadhaa vilipoona hivyo navyo vikanisamehe ada ya maombi. Ukisoma sehemu moja tu ya andiko hili, soma hii: omba msamaha kwanza, wakikukataa ndiyo ulipe.

Mtihani wa Agosti niliufanyia nyumbani, kwa kamera. Nilimtuma mume wangu awatoe watoto. Hakuwa na gari siku hiyo, akakaa nao sebuleni na katuni. Katikati ya sehemu ya pili mlango ukafunguka, binti yangu wa miaka sita akaingia na ganda la ndizi: "Mama, nitupe wapi?" Msimamizi akausimamisha mtihani, akaniamuru nizungushe kamera chumba kizima, chini ya meza, nyuma ya mlango. Saa yangu ilisimama lakini akili haikusimama. Nilirudi kwenye habari ya kobe wa baharini nikaisoma mara tatu bila kuona hata kobe mmoja. Nikapata 147.

Wa Novemba niliufanyia kituoni, mwendo wa dakika arobaini kutoka nyumbani, chumba kimya, kila mtu na kibanda chake. Nikapata 155. LSAC wameshatangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 watahiniwa wengi watafanyia vituoni, na wapo wanaolalamika. Mwenye watoto na kuta nyembamba asilalamike. Na msiogope kurudia: unaruhusiwa mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zako bado zinaripotiwa, mara saba maishani, na vyuo kwa kawaida hushika ile ya juu, maana ndiyo wanayoitoa kwenye takwimu zao.

Wakati nangoja Novemba, transkripti, yaani orodha ya alama zangu za chuo, ilikuwa inanitoa roho. LSAC wanataka chuo chako cha nyumbani kiitume chenyewe, moja kwa moja, bahasha imefungwa na kupigwa muhuri. Nilimtuma mpwa wangu akafuatilie. Masjala alizungushwa njoo kesho kwa wiki tatu, mwisho akapewa bahasha aipeleke kwenye kampuni ya vifurushi. Njiani, kwa mapenzi yote, akaifungua ili anipigie picha nione kama majina yako sawa. Picha ikaja kwenye simu, imetulia, na kidole gumba cha mpwa pembeni. Nikakaa kitako. Hakuna aliyemwambia asifungue, mimi niliona jambo linajieleza. Tukaanza upya: ada mpya, wiki tatu nyingine, na safari hii nilimpigia mtu wa masjala mwenyewe, shikamoo nyingi, nikamsomea maelekezo neno kwa neno. Ilifika wiki ya pili ya Desemba. Nilianza kufuatilia Septemba. Anza miezi sita kabla, hata kama bado hujaamua.

Jambo ambalo sikulijua: ukisoma nje ya Marekani na Kanada hawakugeuzii alama zako kuwa wastani wao. Wanaandika tu kama ulikuwa wa kiwango cha juu sana, juu ya wastani, wastani au chini ya hapo. Mimi walinipa juu ya wastani. Maana yake LSAT ndiyo namba pekee yako wanayoiona, na inabeba mzigo mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa aliyesoma hapa.

Barua za mapendekezo nipite haraka. Mhadhiri wangu wa zamani hakujibu, msimamizi wangu wa nyumba ya wazee aliandika ukurasa mzuri, na mkuu wa shule wa zamani akaandika mwingine. Ukiwa umetoka chuoni muda mrefu, waajiri wanakubalika.

Insha ya kujieleza, kurasa mbili, niliiandika mara tisa. Ya kwanza ilianza "Tangu utotoni nilitamani kutetea wanyonge." Mama mmoja mstaafu anayejitolea maktaba, aliyekuwa mwalimu, aliisoma akaniuliza mnyonge gani, lini, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Sikuwa na jibu. Ya tisa ilihusu asubuhi moja tu: nilipomsindikiza mama wa Kikongo, jirani yetu, kwenye mahakama ndogo zinazosikiliza kesi za kuwafukuza wapangaji. Kila alichoulizwa alijibu "ndiyo". Alikuwa anaonyesha heshima, kama kusema nakusikia mheshimiwa. Waliandika kwamba amekubali hakulipa kodi. Stakabadhi zilikuwa kwenye mkoba wake muda wote. Nje, kwenye ngazi, nikajifunza kwamba kukata rufaa ni siku tano, na siku moja ilikuwa imeshaanza kuyoyoma. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusoma sheria na nilikuwa naificha chini ya maneno makubwa.

Kuchagua chuo nilichagua kwa ramani ya basi. Sina uwezo wa kuhama. Hapa Houston peke yake vipo zaidi ya kimoja, na nilitembelea kila kimoja. Chuo cha Thurgood Marshall, ndani ya Texas Southern University, kina historia ambayo kila Mwafrika wa mji huu angeijua. Asili yake ni 1947, baada ya mpeleka barua wa Houston, Heman Sweatt, kukataliwa University of Texas kwa sababu ya weusi wake, na jimbo likaona heri lianzishe chuo kingine kuliko kumpokea. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ilimpa Sweatt ushindi. Wakili wake Thurgood Marshall ndiye aliyekwenda London 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba. Nilimsimulia mume wangu, yeye Mkenya, hakuamini mpaka alipotafuta mwenyewe.

Niliomba vyuo vinne wiki ya tatu ya Desemba. Nilikuwa nimechelewa: wanadahili kadiri maombi yanavyoingia, kuanzia Septemba, na nafasi na fedha vinapungua kila mwezi. Viwili vikanikubali.

Kimoja kilinipa nusu ya ada. Nilipiga vigelegele jikoni, nikapiga simu Tanga. Usiku, kwa mazoea ya daftari, nikaisoma barua tena kwa sauti ya mzee wa baraza. Aya ya nne: ufadhili utaendelea ilimradi nibaki na wastani fulani. Sawa, mimi mwanafunzi mzuri. Nani kakwambia? Kwenye vyuo vya sheria alama za mwaka wa kwanza mara nyingi hupangwa kwa mkunjo, ili wengine wapande lazima wengine washuke. Kila chuo kinatakiwa kuchapisha ripoti inayoitwa 509, na ndani yake kuna jedwali la waliopewa ufadhili wenye masharti na waliopunguziwa au kunyang'anywa. Nilipolitazama la chuo hicho nikaacha kupiga vigelegele. Nikachagua cha pili, chenye fedha kidogo zaidi, bila sharti. Kabla ya kusaini nikawaandikia kwa heshima kuwaomba waongeze. Niliona aibu kwelikweli, mimi ambaye sokoni Ngamiani sijawahi kulipa bei ya kwanza. Wakaongeza.

Iliyobaki ilitugombanisha nyumbani kwa wiki mbili, maana mkopo una riba na sisi ni Waislamu. Sitawashauri kitu, kila mtu na dhamiri yake na sheikh wake. Sisi tuliamua masomo ya jioni, nifanye kazi mchana, tulipe kidogo kidogo. Wenye kutegemea mkopo wa serikali kuu (ni kwa raia, wenye green card na wachache wengine) wajue kwamba kwa wanaoanza 1 Julai 2026 au baadaye kuna ukomo kwa masomo kama sheria: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Piga hesabu yako kabla ya kulipia kiti.

Mwezi uliopita nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, kisha akaniambia mzee wa nyumba ya pili hajaonekana msikitini siku nne.

"Labda amesafiri, mama," nikasema. "Labda anasali kwingine."

Akanyamaza kidogo.

"Inawezekana," akasema. "Lakini uji tumeshapika."